Gavana aliyeua handaki la treni alichaguliwa tena kwa 60%. Tuongee kuhusu New Jersey na pesa za usafiri

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani kila ikitoka kura ya maoni kwamba gavana fulani wa Marekani ameporomoka, watu wanashangilia kama timu yao imefunga. Sawa, kushangilia ni bure. Ila mimi naishi Jersey City na kazini kwangu ni ng'ambo ya mto Hudson, New York, na nikiangalia historia ya jimbo hili naona zile asilimia zina tabia moja mbaya: zinachelewa. Gavana anafanya uamuzi mbovu leo, wananchi wanamrudisha kwa kishindo, hasira inafika miaka sita baadaye, tena juu ya jambo jingine kabisa. Kisa ninachokileta ni cha Chris Christie, aliyekuwa gavana wa hapa New Jersey. Ni kirefu, vuta kiti.

Jiografia kwanza. Abiria wa treni kutoka New Jersey kwenda Penn Station ya Manhattan wanapita chini ya mto kwenye mahandaki mawili, basi. Yalifunguliwa mwaka 1910, kila moja lina reli moja. Asubuhi zinapenya treni 24 hivi kwa saa kuelekea mjini na hapo nafasi imekwisha. Moja ikizimikia ndani, zilizo nyuma yake zinapanga foleni hadi Newark na kupita. Na kabla hujafika kwenye handaki kuna mto Hackensack, ambako treni zimekuwa zikitegemea daraja la Portal, nalo la mwaka 1910, linalogeuka kupisha mashua. Likishageuka, mara nyingine linagoma kurudi sawasawa, reli hazikutani, na mafundi wanashuka na nyundo kuzigonga hadi zikae. Nyundo, wakuu. Kwenye njia ya reli yenye abiria wengi kuliko zote Marekani.

Ndipo ukaja mradi ulioitwa ARC: mahandaki mawili mapya na stesheni mpya chini ya Mtaa wa 34. Gharama dola bilioni 8.7. Serikali kuu iliahidi bilioni 3. Port Authority, yaani mamlaka ya pamoja ya New York na New Jersey inayoshika madaraja, bandari na viwanja vya ndege, iliahidi bilioni 3 nyingine. Zilizobaki ni za New Jersey, na kati ya hizo dola bilioni 1.25 zilikuwa zimeshapata chanzo kwenye tozo za barabara ya Turnpike zilizopandishwa mwaka 2008. Yaani wenye magari walishaanza kulipia handaki. Juni 2009 gavana Jon Corzine akazindua kazi. Novemba mwaka huohuo akashindwa uchaguzi na Christie.

Tarehe 7 Oktoba 2010 Christie akaufuta mradi. Waziri wa uchukuzi wa Marekani, Ray LaHood, akaja kumbembeleza, zikatolewa wiki mbili za kutafakari, na tarehe 27 akaufuta tena. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama zitafika bilioni 11 mpaka 14 na ziada yote ataibeba mlipakodi wa New Jersey. Aprili 2012 ikatoka ripoti ya GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani. Christie alikuwa akisema jimbo lingebeba asilimia 70 ya gharama. Wakaguzi walikuta 14.4.

Sasa zifuate hela, maana utamu uko hapo. Zile bilioni 1.25 za Turnpike zikahamishiwa kwenye mfuko wa uchukuzi wa jimbo, wa barabara na madaraja. Kwenye fungu la Port Authority zikachotwa bilioni 1.8 kukarabati Pulaski Skyway na barabara za jirani. Pulaski naifahamu, ni lile daraja refu jeusi la mwaka 1932 linalotoka Newark kuja huku kwetu, na kweli lilikuwa linabomoka. Tatizo ni kwamba ni mali ya jimbo, si ya Port Authority. Ili matumizi yakubalike kisheria, kwenye makaratasi ikaandikwa kuwa hizo ni njia za kuingilia Lincoln Tunnel, handaki la magari la kwenda Manhattan. Chukua ramani uangalie: Pulaski inakushusha kwenye Holland Tunnel, handaki jingine la magari, Lincoln iko juu huko Weehawken! Januari 2017 wasimamizi wa soko la mitaji, SEC, wakaitoza Port Authority faini ya dola 400,000 kwa kutowaambia wanunuzi wa hatifungani kwamba matumizi hayo yana shaka kisheria, na Port Authority ikakiri kosa.

Kwa nini alihitaji hela hizo kiasi hicho? Mfuko wa uchukuzi ulikuwa unakauka. Kodi ya mafuta New Jersey ilikuwa senti 14.5 kwa galoni na haikuguswa tangu 1988, na Christie alijinadi kama mtu asiyepandisha kodi. Handaki likawa ndiyo kodi ya mafuta. Lilichinjwa ili pampu ibaki rahisi.

Nauli nazo? Mei 2010 nauli za treni za NJ Transit, shirika la usafiri la jimbo, zilipanda asilimia 25. Oktoba 2015 zikapanda tena asilimia 9. Wakati huohuo ruzuku ya moja kwa moja kutoka bajeti ya jimbo ilishuka kutoka zaidi ya dola milioni 300 mwaka 2009 hadi milioni 33 mwaka 2015. Kwa hiyo kodi haikupanda kwa mwenye gari. Ilipanda kwa anayesimama jukwaani na begi. Hii haikuitwa kodi, ikaitwa marekebisho ya nauli.

Na wananchi walimfanya nini? Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipiga, maji ya chumvi yakaingia kwenye yaleyale mahandaki ya 1910, chumvi ikabaki inatafuna zege na nyaya hadi leo. Christie akazunguka na koti lake la manyoya mepesi akifariji watu, akapaa juu ya asilimia 70. Novemba 2013 akachaguliwa tena kwa asilimia 60 katika jimbo ambalo chama chake cha Republican huwa kinachapwa. Handaki hakuna aliyelitaja.

Miaka minne baadaye, Juni 2017, kura ya maoni ya chuo cha Quinnipiac ikamkuta na asilimia 15 wanaoridhika naye, 81 hawamtaki. Chini kuliko gavana yeyote waliyewahi kumpima katika jimbo lolote. Kilichomshusha ni kashfa ya foleni ya magari mjini Fort Lee, mbio za urais zilizomfanya awe mgeni jimboni kwake, na treni zilizooza.

Naomba tujadili hili: kama adhabu inachelewa hivyo, gavana mwenye akili ana sababu gani ya kutumia pesa kwenye handaki litakalofunguliwa na mtu mwingine?

Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi, umepika vizuri ila chumvi imezidi upande mmoja.

Mambo mawili umeyaruka. Kwanza, ARC haikuwa inaingia Penn Station. Ilikuwa inaishia kwenye stesheni yake yenyewe iliyochimbwa kina kirefu chini ya Mtaa wa 34. Treni za Amtrak, shirika la treni za masafa marefu, zisingeweza kuitumia, na abiria anayetaka kuendelea na safari ya mbali angepanda ngazi za umeme dakika nzima ndipo aanze kutembea. Kulikuwa na watetezi wa reli kabisa, si wenye magari, walioipinga kwa sababu hiyo.

Pili, jimbo la New York halikutia hata senti yake lenyewe. Handaki linaishia kwao, wafanyakazi wanakwenda kuzalisha kwao, ziada ya gharama tubebe sisi. Wewe ungetia saini?

Na usiniambie ziada ilikuwa ya kufikirika. East Side Access, stesheni ya kina kirefu hivyohivyo chini ya Grand Central, ilianza na makadirio ya bilioni nne na ushei. Ikafunguliwa Januari 2023 kwa bilioni 11, zaidi ya miaka kumi nyuma ya ahadi. Weka ARC kwenye mikono ileile ya wakandarasi wa eneo hilihili, utapata jibu.

Mtu wa Kisauni

Habari zenu ndugu. Mimi niko Mombasa, nasoma nikishangaa. Huku kwetu gavana ana barabara za kaunti, lakini barabara kuu ni za serikali ya taifa na SGR pia ni ya taifa. Gavana hana kauli. Sasa huko gavana anafuta vipi mradi ambao serikali kuu imeshatia bilioni tatu? Na la pili, sisi gavana akichukiza bunge la kaunti linamng'oa na Seneti inamaliza, Sonko wa Nairobi aliondoka hivyo Desemba 2020. Mtu ana asilimia 15, mbona mlimwacha hadi mwisho?

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

@Mtu wa Kisauni, swali zuri sana ndugu yangu.

Hela ya Washington haiji yenyewe. Serikali kuu inatoa mchango kwa masharti, mwenye mradi anabaki kuwa jimbo. Gavana wa New Jersey ni mmoja wa wenye nguvu zaidi nchini. Mwanasheria mkuu wa jimbo anamteua yeye, bodi ya NJ Transit anaiteua yeye, na Port Authority ina makamishna 12, sita wa kila gavana, na kila gavana anaweza kupiga kura ya turufu dhidi ya kumbukumbu za kikao na uamuzi ukafa hapohapo. Akisema handaki halijengwi, halijengwi. Adhabu ilikuwa Washington kudai irudishiwe dola milioni 271 zilizokwishatumika. Wakavutana na mawakili, ikaishia milioni 95. Ndiyo hizo, tulilipa milioni 95 kwa shimo ambalo halipo.

Kung'olewa kupo kwenye katiba ya jimbo, ila kuchukiwa si kosa la jinai. Mihula ni miwili mfululizo, akamaliza Januari 2018 akaenda zake. Aliyekula kipigo ni naibu wake, Kim Guadagno, aliyegombea Novemba 2017 akabwagwa na Phil Murphy. Tena mama wa watu alikuwa ameshapingana na bosi wake hadharani juu ya kodi ya mafuta.

@Mhasibu Mstaafu, kuhusu kina cha stesheni nakubaliana na wewe kwamba mchoro haukuwa mzuri. Lakini Christie hakusema "turudi tuchore upya." Angetumia ile turufu yake kuwabana New York wachangie, ningemsimamia sanamu. Alichofanya ni kuua, kisha hela zikawa barabara ndani ya miezi michache. Hiyo haifanani na mtu aliyehofia gharama.

Lori la Mizigo

Mimi naendesha lori kutoka bandari ya Newark, Elizabeth. Nawasoma mnavyolilia treni nacheka.

Hela ya Port Authority inatoka wapi? Inatoka kwangu. Kila ekseli inahesabiwa darajani. Treni ya PATH, ile ya Port Authority inayovusha watu hadi Manhattan, inajiendesha kwa hasara miaka yote, anayeijazia ni mwenye gari na lori. Halafu ikaja na ile tozo ya kuingia Manhattan kwa gari, lori dogo dola 14.40, kubwa 21.60, juu ya tozo ya daraja. Nani kati yenu anapanda PATH na kontena?

Christie alitengeneza Pulaski. Mimi kwa hilo simlaumu hata kidogo. Daraja linamwaga vipande vya zege unataka asubiri handaki?

Kimya Kingi

Pulaski malori hayaruhusiwi mkuu 😂

Lori la Mizigo

Najua hayaruhusiwi. Lakini magari madogo yakikosa Pulaski yanakuja kujazana barabara ya Truck 1&9 mbele yangu. Mwaka 2014 walipofunga njia za kuelekea kaskazini uliona? Basi.

Dada wa Bronx

Jamani nyie wa Jersey mnajiona mna hati miliki ya magavana wabovu. Njooni ng'ambo niwape wa kwetu, kisha mseme kama hoja ya mleta uzi inasimama.

Mwaka 2019, enzi za gavana Andrew Cuomo, bunge la New York lilipitisha sheria: gari linaloingia Manhattan chini ya Mtaa wa 60 lilipe, na hela iende MTA, shirika la treni na mabasi la New York. Hesabu ilikuwa tozo ilete dola bilioni 1 kwa mwaka, MTA ikakope bilioni 15 kwa dhamana hiyo: lifti, mitambo ya ishara ya karne iliyopita, njia ya Second Avenue ifike Mtaa wa 125 Harlem. Kamera zikafungwa, mamia ya mamilioni yakatumika. Tarehe ya kuanza ilikuwa 30 Juni 2024, dola 15 kwa gari dogo.

Tarehe 5 Juni, wiki nne kasoro kabla, gavana Kathy Hochul akatoka kwenye video akasimamisha kila kitu. Sababu: maisha ni magumu. Wengi walisoma sababu nyingine, uchaguzi wa Novemba na viti vya Bunge la Marekani vya vitongojini. Bodi ya MTA ikaahirisha miradi ya zaidi ya dola bilioni 16. Stesheni ninayopandia haina lifti. Kila asubuhi utaona mama ameshika gari la mtoto mbele, mtu asiyemjua kashika magurudumu ya nyuma, wanashuka ngazi kama wabeba jeneza, nyuma yao watu wanasonya.

Sasa sikilizeni kituko. Aprili kura ya maoni ya chuo cha Siena ilionyesha asilimia 63 wanaipinga tozo, 25 wanaiunga mkono. Kwa hiyo mama akaisimamisha. Juni Siena wakauliza tena: asilimia 45 wanakubaliana na kusimamisha, 23 hawakubaliani. Umeona? Amefanya wanachotaka. Na katika kura hiyohiyo, yeye mwenyewe anatazamwa vizuri na asilimia 38 tu, 49 hawamtaki, rekodi yake mbaya kuliko zote tangu aingie. Amewapa walichoomba, wakamchukia zaidi.

Novemba 14, siku tisa baada ya uchaguzi, tozo ikafufuka kwa dola 9. Ikaanza 5 Januari 2025, itapanda hadi 12 mwaka 2028 na 15 mwaka 2031.

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

@Dada wa Bronx hapo umenifungua akili. Christie hakuadhibiwa kwa kuua, Hochul hakutuzwa kwa kusimamisha. Nadhani ile asilimia watu wanajibu swali moja tu: "maisha yako ya wiki hii yakoje?" Handaki halimo humo, kwa sababu handaki ambalo halijajengwa halimcheleweshi mtu yeyote. Kinachomchelewesha ni lile kuukuu, na lile kuukuu halina jina la gavana.

Hata Fort Lee ukiiangalia vizuri ni hivyohivyo. Septemba 2013, wiki ya kwanza ya shule, watu wa Christie ndani ya Port Authority walichukua njia mbili kati ya tatu zinazotoka Fort Lee kupanda daraja la George Washington, mji mzima ukakwama siku nne, na baadaye ikaonekana barua pepe ya naibu mkuu wa ofisi ya gavana ikisema umefika wakati wa kuleta matatizo ya foleni Fort Lee. Meya wa pale alikuwa hajamuunga mkono Christie kwenye uchaguzi. Christie amesema siku zote hakujua, na hakushtakiwa. Wasaidizi wawili wakatiwa hatiani 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ikazifuta hukumu mwaka 2020 kwa kura zote tisa, ikisema uovu upo ila si ulaghai wa mali kwa mujibu wa sheria ile. Siku nne za foleni zilimmaliza kisiasa. Kufuta handaki ambalo lingehudumia abiria kwa miaka mia hakukumgusa. Foleni ile kila mtu aliikalia ndani ya gari, mkono kwenye honi.

Mhasibu Mstaafu

Mnamwonea huyo mtu sasa. 2016 si yeye aliyetia saini kupandisha kodi ya mafuta kwa senti 23? Kutoka 14.5 hadi 37.5, kwa mpigo, kuanzia 1 Novemba. Yeye, Mrepublikan aliyeapa. Na hiyo ndiyo iliyomshusha pia, semeni ukweli wote. Kwa hiyo tazama: alipokataa kutumia, akapaa. Alipokubali kutoza ili atumie, akazama. Mleta uzi, hii inakusaidia wewe au mimi?

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

Inanisaidia mimi mzee wangu, na nashukuru umeileta wewe 😀

Ila usisahau namna alivyokubali. Mfuko uliishiwa, mwisho wa Juni 2016 akatoa amri kazi za barabara na reli zisimame jimbo zima, vifaa vikakaa juani wiki kadhaa msimu wa ujenzi. Tena alidai apewe kitu mkononi: kodi ya mauzo ikashushwa kutoka asilimia 7 hadi 6.625. Na kabla ya kodi hiyo kuanza, 29 Septemba 2016, treni ilipitiliza mwisho wa reli stesheni ya Hoboken, mama mmoja aliyekuwa amesimama jukwaani akafariki, zaidi ya mia wakajeruhiwa. Wachunguzi walikuta dereva ana ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini ambao ulikuwa haujagunduliwa, na kwamba pale mwisho wa reli hapakuwa na mtambo wa kuisimamisha treni yenyewe. Simwekei gavana ajali ile mabegani. Ila shirika linalokatwa ruzuku kiasi hicho lina mambo mengi linayoyaahirisha.

@Lori la Mizigo, yako sijaisahau. PATH kweli inakula hasara, Port Authority iliirithi mwaka 1962 kutoka kampuni ya reli iliyofilisika, kama sehemu ya makubaliano ya kujenga World Trade Center. Lakini nenda Route 495 asubuhi uangalie ile njia ya mabasi ya Lincoln Tunnel. Tangu 1970 wanachukua njia moja ya upande wa kurudi, wafanyakazi wanachomeka vigingi vya plastiki kwa mkono kwenye matundu ya lami, kimoja kimoja, na zaidi ya mabasi 1,800 yanapita humo asubuhi moja. Vigingi vya plastiki! Jaza abiria wote wale kwenye magari madogo halafu utafute pa kupitisha kontena lako. Senti bora kuliko zote zilizowahi kutumika kwenye usafiri hapa ni zile za vigingi, na hakuna gavana aliyewahi kukata utepe wa kigingi.

Kimya Kingi

Mimi napanda vile vibasi vya barabara ya Bergenline huku Jersey, matatu kabisa, konda tu ndiye hayupo. Havina gavana wala ruzuku na vinakuja kila dakika. Nyie endeleeni na mabilioni.

Dada wa Bronx

Vinakuja kila dakika mchana, dada yangu akitoka zamu ya usiku hospitali havipo. Ruzuku ndiyo inayoleta basi la saa tisa usiku lenye abiria watatu.

Mtu wa Kisauni

Na hilo handaki sasa limefia wapi? Hakuna aliyelijenga?

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

Lilirudi kwa jina jingine, Gateway. Safari hii linaingia Penn Station yenyewe, kama mzee wetu anavyotaka. Dola bilioni 16, na hapo stesheni mpya haimo. Washington ilisaini mchango wake mkubwa 2024, mashine zikaanza kazi pande zote za mto, halafu Oktoba 2025 serikali ya Trump ikazizuia hela hizo wakati wa mvutano wa bajeti. Yale mahandaki ya 1910 yaliyolowa chumvi lazima yafungwe yakarabatiwe, moja moja. Ukifunga moja kabla mpya hazijakamilika, treni 24 kwa saa zinakuwa 6, kwa mujibu wa Amtrak. Sita.

Mhasibu Mstaafu

Bilioni 16 kwa handaki bila stesheni. Christie alisema 14 mkamwita mwongo.

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

Alisema 14 za mwaka 2010. Kungoja kuna bei yake, nayo imo kwenye hizo 16. Na wewe ni mhasibu unaijua kuliko mimi.

Mhasibu Mstaafu

Naijua. Naijua pia tabia ya wakandarasi wa hapa. Murphy aliingia 2018 na ahadi kubwa za NJ Transit, ametoka. Nauli ikapanda asilimia 15 Julai 2024, na asilimia 3 kila mwaka baada ya hapo. Akaweka na kodi ya asilimia 2.5 kwa makampuni yenye faida inayozidi milioni 10. Mei 2025 madereva wa treni wakagoma siku tatu, mgomo wa kwanza tangu 1983. Hela imeongezeka, treni umeiona? Mikie Sherrill naye ameingia. Nitamhukumu kwa ratiba ya saa moja na nusu asubuhi, si kwa handaki la 2035.

Dada wa Bronx

Ndicho anachokisema mleta uzi mzee. Wewe ndiye yule wa kura ya maoni 😅

Mhasibu Mstaafu

Basi mimi ndiye. Simu ikipigwa nitajibu kama nilivyosimama jukwaani.

Lori la Mizigo

Mmemaliza treni? Kuna ule mpango wa kupanua Turnpike kutoka Newark hadi huku Jersey City. Huo nauunga mkono asilimia mia, msije mkauua kama handaki.

Mkaazi wa Journal Square (mleta uzi)

Dola bilioni 10.7 za kupanua barabara inayomwagia magari mdomoni mwa Holland Tunnel ambayo haipanuki. Huo ndugu yangu ufungulie uzi wake, na uje na chakula.